Ushirika, Makumira au Mweka: ukiwa na siku moja, uende wapi kuona chuo cha zamani na maktaba yake?

Kila mwaka ikifika Juni, kidato cha sita wakiwa wameshamaliza mitihani, swali ni lile lile. Mzazi ananipigia simu, au mwalimu mwenzangu ananisimamisha njiani: "Mwalimu, tuna siku moja na nauli ya safari moja. Watoto tuwapeleke wapi wakaone chuo chenye historia, chenye maktaba ya zamani kweli?" Wengi wanaouliza hivyo wameshaiweka Dar es Salaam kichwani. Wanawaza Mlimani, basi la alfajiri, na pa kulala.

Mimi huanza kwa kuwakumbusha miaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo Mlimani yenyewe, kilianza 1961. Chuo cha Ushirika hapa Moshi na Chuo cha Wanyamapori Mweka vyote vilianza 1963. Na Makumira, chuo cha Kilutheri ambacho watu wa huku tunakipita kila tukienda Arusha bila hata kugeuza shingo, mizizi yake ni ya mwaka 1947, miaka kumi na minne kabla ya Uhuru. Kwa hiyo hapa kati ya Moshi na Arusha, barabara ya kilomita kama 80, tuna vyuo vitatu ambavyo ni rika la Mlimani au ni kaka zake, na kila kimoja kina maktaba iliyokua pamoja nacho.

Nimefundisha historia sekondari hapa Moshi miaka mingi, na pote patatu nimepeleka wanafunzi. Nimeona palipowachangamsha na palipowachosha. Ndiyo maana sitasema kimoja ni bora kuliko vyote. Darasa lililotoka Mweka macho yamewaka, mwaka uliofuata wenzao wa masomo ya biashara walipiga miayo palepale.

Ninapima kwa nini

Kwanza, asili ya chuo: kwa nini kilianzishwa, na nani alikihitaji. Maktaba ya zamani haieleweki bila hilo, kwa sababu vitabu vilinunuliwa kwa kazi fulani. Pili, utakachokiona ndani ya maktaba yenyewe. Sihesabu idadi ya vitabu. Mgeni wa siku moja hasomi vitabu elfu, anafungua vitatu au vinne, na hivyo vitatu ndivyo vinavyobaki kichwani. Tatu, kuingia: ruhusa, barua, masharti. Nne, kufika na nauli. Tano, kilicho jirani, maana hakuna anayetumia siku nzima ndani ya maktaba akiwa na vijana wa miaka kumi na nane.

Majengo sikuyafanya kipimo. Anayetafuta minara na madirisha ya vioo vya rangi, hapa hatavipata. Vyuo vyetu vya zamani ni majengo ya chini, miti mikubwa na nyasi zilizofyekwa vizuri. Historia yake iko kwenye karatasi na kwenye watu.

Asili ya kila chuo

Ushirika huwezi kuueleza bila kahawa. Wachaga wakulima wadogo walikuwa wameshaunda chama chao cha kulinda kahawa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, wakati walowezi hawakufurahi hata kidogo kumwona Mwafrika akipanda zao hilo. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), chama kikuu kilichokusanya vyama vya msingi vya mlimani. Watu walipata kitu chao, lakini kitu hicho kilihitaji makarani, wakaguzi wa hesabu, makatibu na wanakamati wanaoweza kusoma mizania. Nchi ilipopata uhuru na vyama vya ushirika vikaenea mikoa mingine, uhitaji ukawa mkubwa zaidi. Januari 1963 Chuo cha Ushirika kikaanza Moshi, mahali ambapo ushirika ulikuwa umeshakomaa. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na 2014 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wakazi wa mji bado tunasema "Ushirika" tu, na kila mtu anaelewa.

Kuna jambo moja hapo ambalo mimi husisitiza sana kwa wanafunzi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Fikiria chuo kinachofundisha ushirika katika nchi ambayo kwa miaka hiyo vyama vikuu havipo! Waliosoma na kufundisha hapo kipindi hicho waliishi jambo ambalo sisi tunalifundisha kwa aya mbili ubaoni.

Makumira nayo haikuanzia Makumira. Ilianzia Lwandai, upande wa Mlalo kule Usambara, mwaka 1947, ikiwa shule ya kuwaandaa wachungaji wa Kilutheri. Mwaka 1954 ikahamia hapa ilipo sasa, karibu na Usa River. Wakati huo makanisa ya Kilutheri nchini yalikuwa bado mbalimbali, kila moja na wamisionari wake, na ni 1963 tu ambapo makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Yaani chuo kilitangulia kanisa kwa miaka kumi na sita. Vijana wa Kihaya, Wasambaa, Wachaga, Wameru na wa kutoka Nyanda za Juu walikaa bweni moja kabla makanisa yao hayajaungana. Kwangu mimi hiyo ni sehemu muhimu ya habari ya muungano ule, na haitajwi vya kutosha. Kilikuja kuwa chuo kikuu miaka ya 1990, kwa jina la Tumaini, na leo kinafundisha pia sheria, ualimu na muziki.

Na angalia mwaka na mahali. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi iende kwa walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kuwatetea watu wake. Miaka miwili baadaye chuo kinahamia Umeru. Mwanafunzi wa historia anayefika Makumira bila kulijua hilo anakanyaga ardhi iliyopiga kelele hadi New York, na yeye anaona migomba tu.

Mweka asili yake ni fupi kuieleza. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, kulifanyika Arusha mkutano mkubwa wa uhifadhi, na Mwalimu Nyerere akatoa tamko ambalo watu wa wanyamapori hulitaja mpaka leo: kwamba nchi itawalinda wanyama wake, na kwamba kazi hiyo inahitaji watu waliosomea. Maofisa wa uhifadhi wa wakati ule walikuwa karibu wote Wazungu. Chuo kikafunguliwa 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro ili Waafrika washike kazi hiyo, na tangu siku za mwanzo kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa jina si chuo kikuu, ila shahada zinatolewa, kwa hiyo mzazi asikiondoe kwenye orodha kwa sababu ya jina.

Ndani ya maktaba

Hapa ndipo tofauti ilipo, na hapa ndipo watu huchagua vibaya.

Kote utakutana na mambo yanayofanana. Mkutubi mezani, daftari la wageni, mabegi yanaachwa mlangoni. Kompyuta za kutafutia vitabu. Usiishie hapo. Omba kwa adabu kuonyeshwa vitabu vya zamani na chochote kilichobaki cha utaratibu wa zamani, na kama kuna kabati la kadi, omba kufungua droo moja. Vijana wa leo hawajawahi kuona jinsi kitabu kilivyotafutwa kwa vidole. Halafu chukua kitabu chochote cha miaka ya sitini au sabini, fungua jalada la nyuma. Mara nyingi utakuta karatasi ya tarehe iliyogandishwa, yenye mihuri ya siku za kurudisha, wino wa zambarau au mwekundu uliofifia. Mwaka mmoja binti wa darasa langu alizisoma tarehe hizo kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine: kitabu kilikuwa kimeazimwa karibu kila mwezi, kikakaa miaka bila kuguswa, kisha mhuri mmoja wa peke yake, basi. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa mwisho alikuwa nani?" Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku hiyo nikajua kwamba karatasi ile ndogo inafundisha kuliko hotuba yangu ya nusu saa.

Sasa tofauti.

Ushirika, rafu zenye thamani kwa mgeni ni zile zinazohusu vyama vyenyewe: taarifa, sheria, masharti, mafunzo ya wanachama, hesabu. Kwa macho ya haraka ni karatasi kavu. Usiwapeleke watoto wakaziangalie hivi hivi. Wape kitu cha kulinganisha. Mimi nilibeba stakabadhi za kahawa za marehemu babu yangu, alizokuwa akizitunza kwenye kopo la biskuti: kilo, daraja, malipo ya awali, makato, na karatasi nyingine ya malipo ya pili. Wajukuu wa wakulima wa kahawa walikuwa wamelisikia neno "malipo ya pili" nyumbani maisha yao yote bila kujua lina maana gani. Tukakaa mezani na kitabu cha mafunzo ya ushirika mkono mmoja na stakabadhi mkono mwingine, wakaona: chama kinampa mkulima sehemu kwanza, kahawa inauzwa mnadani, kinachobaki baada ya gharama kinarudi kwake. Mvulana mmoja akasema, "Kwa hiyo bibi alikuwa anasubiri mnada." Naam. Bibi alikuwa anasubiri mnada, na ada yako ya shule nayo ilikuwa inasubiri.

Chuo hiki pia kilifundisha watu wasiokuwepo darasani, kwa masomo ya posta. Ukipata kijitabu cha aina hiyo kishike vizuri. Kiliandikwa kwa Kiswahili chepesi cha mtu anayesoma kwa taa ya mafuta baada ya kutoka shambani, na nadhani kuna waandishi wa vitabu vya kiada wa leo wangejifunza kitu hapo.

Makumira ni maktaba ya maneno. Theolojia ndiyo uti wa mgongo wake, na theolojia ya Kilutheri huku kwetu ilikuja na Wajerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mmoja wa waliowafuata baadaye, Bruno Gutmann, aliishi na Wachaga miongo kadhaa na kuandika kurasa nyingi juu ya mila na sheria zao kwa Kijerumani. Ajabu ya historia yetu ni hiyo: mambo mengi ya babu zetu yaliandikwa kwanza kwa lugha ambayo wajukuu hatuisomi. Ukiwa kwenye maktaba ya namna hii, ulizia vitabu vya Kijerumani vya kabla ya vita, vile vyenye herufi za zamani zilizopinda kama kulabu. Herufi "s" humo mara nyingi inafanana na "f", na wanafunzi hubishana wanasoma nini. Ulizia pia Kiswahili cha kanisa cha zamani. Machapisho ya mwanzo mwanzo yaliandika "Muungu" pale sisi tunapoandika "Mungu", na mpenzi wa lugha atatoka na maswali ya wiki nzima: nani aliamua tuandike tunavyoandika? Kwa nani?

Niseme wazi, kwa mtoto asiyependa kusoma Makumira ni ngumu. Hakuna kitu cha kushangaza macho. Inabidi uwe na swali kabla ya kuingia. Lakini kwa yule mmoja au wawili darasani wanaopenda lugha, dini au sheria, sijui mahali huku kwetu panapowalipa zaidi.

Mweka ni kinyume chake. Maktaba inahusu wanyamapori na uhifadhi, ni ya kazi, na mgeni ataimaliza mapema asipokuwa na mada. Kinachoishika safari ni mkusanyiko wa wanyama waliokaushwa, mafuvu, pembe na ngozi ambao wanafunzi hutumia kujifunzia. Mimi nauhesabu kama sehemu ya maktaba, na sioni aibu kuuhesabu hivyo. Fuvu ni ukurasa. Mwanafunzi anaambiwa aangalie meno, aseme mnyama huyu alikula nini, na umri wake ulikuwa kama wa miaka mingapi. Vijana wa sayansi wanaielewa maana ya rejea pale pale, bila kuambiwa. Baada ya hapo ndipo urudi nao maktaba, uwaonyeshe kitabu kinachosema kile walichokigusa. Nilikosea mara ya kwanza kwa kuanza na maktaba, na nusu ya darasa lilikuwa dirishani likitazama mlima.

Kuingia: barua, muhuri na muda

Vyuo hivi ni mahali pa watu kusoma. Havina tiketi mlangoni kama makumbusho. Hilo ndilo wageni hulisahau.

Andika barua wiki mbili tatu kabla, yenye kichwa cha barua cha shule, idadi ya wageni, tarehe, na hasa mnataka kuona nini. "Tunaomba kutembelea chuo" ni ombi la uvivu, hujibiwa kivivu. "Tunaomba wanafunzi 20 waonyeshwe vitabu na taarifa za zamani za vyama vya ushirika kwa saa moja" ni ombi ambalo mkutubi anaweza kulifanyia kazi. Weka muhuri. Kisha piga simu kuthibitisha, na uulize kama kuna ada ya mgeni na kama picha zinaruhusiwa. Siku yenyewe beba nakala ya barua na kitambulisho.

Nasema hivi kwa sababu liliwahi kunikuta. Niliwahi kufika na watoto 28 kwenye geti la chuo kimoja nikiwa nimeahidiwa kwa simu tu. Aliyeniahidi alikuwa safarini, mlinzi hakuwa na taarifa, na hakuwa na kosa. Tulikula maandazi yetu kwenye nyasi za nje ya uzio, tukarudi nyumbani. Watoto hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Epuka wiki za mitihani ya vyuo, hasa kuelekea mwisho wa muhula, viti vikiwa vimejaa na kila mtu ana njaa ya kimya. Likizo ndefu ya vyuo, Agosti na Septemba, ni nzuri kwa utulivu, ila mtoto anayetaka kuona maisha ya wanachuo atakuta pamepoa. Makumira, kwa kuwa ni chuo cha kanisa, vaeni kwa staha, na mkikuta ibada inaendelea subirini nje kimya. Mweka mbebe sweta. Asubuhi pana baridi ya mlimani hata Moshi mjini jua likiwa kali.

Na kwa pote: shikamoo kwa mkutubi kabla ya swali lolote. Mkutubi aliyesalimiwa vizuri hukumbuka kitabu kilichoko kwenye kabati la ndani.

Kufika

Ushirika uko mjini Moshi, Barabara ya Sokoine. Bodaboda au bajaji inakufikisha dakika chache kutoka stendi, na wenye nguvu wanatembea. Kwa anayetoka Arusha ni Kosta ya Moshi na kidogo juu yake. Hakuna safari rahisi kuliko hii.

Makumira iko kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, upande wa Usa River, kwa hiyo ni karibu zaidi na Arusha. Daladala za Usa River zinatoka Arusha kutwa nzima. Kutoka Moshi panda Kosta ya Arusha, mwambie konda mapema, la sivyo utajikuta Tengeru.

Mweka iko kilomita kama 14 juu ya Moshi. Daladala zipo, lakini kwa kundi la wanafunzi kodi gari na mkubaliane na dereva saa ya kurudi. Kwa anayetoka Arusha, hii ndiyo inayokula muda zaidi, maana unafika Moshi kisha unaanza kupanda.

Kilicho jirani

Ukiwa Ushirika, mji mzima ni darasa. Kuna jengo la KNCU katikati ya mji, kuna stesheni ya reli, reli ambayo ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911 na kuifanya kahawa iwe na njia ya kwenda baharini. Kwa saa mbili za miguu unafuata safari ya gunia: shambani, chama cha msingi, chama kikuu, mnada, behewa. Mpenzi wa mpira naye atafurahi kupita Uwanja wa Ushirika.

Makumira jirani yake ni Tengeru, na hapa ninakaa kidogo kwa sababu watu hawajui. Kuanzia 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, watu takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu na kupitia njia ndefu mno hadi kufika Umeru. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Simama pale na wanafunzi, usome majina yaliyoandikwa kwenye mawe, uwaulize: mtoto aliyezaliwa Poland alizikwaje Tengeru? Ni somo la Vita vya Pili vya Dunia lisilohitaji ramani ya Ulaya ukutani. Baada ya hapo kuna Ziwa Duluti la kupumzishia miguu, na kama ni Jumatano au Jumamosi, soko la Tengeru.

Mweka jirani yake ni mlima wenyewe. Njia ya Mweka hutumika kushukia, kwa hiyo mchana utawaona wapandaji wakitoka msituni wakichechemea, na wapagazi wakiwa wametangulia na mizigo. Mtoto anayewaza kazi ya utalii atajifunza kwa kuwaangalia watu hao dakika ishirini tu.

Kwa hali yako

Kama mna nauli ndogo na kundi kubwa, na mnakaa Moshi au karibu, nendeni Ushirika. Panawafaa sana pia wanaosoma biashara, uhasibu na historia ya nchi, na familia yoyote yenye mzee aliyewahi kuuza kahawa, pamba au korosho kupitia chama. Mchukueni mzee huyo. Atafundisha kuliko mimi.

Kama mtoto ni mmoja tu, wa lugha, sheria, dini au muziki, na ni msomaji, mpeleke Makumira bila kundi. Nendeni wawili, asubuhi, na maswali matatu yaliyoandikwa. Wakazi wa Arusha wenye nusu siku pia waanzie hapo na kumalizia Tengeru. Kwa darasa la watoto 40 wenye kelele, hapana, si haki kwao wala kwa wanaosoma mle.

Kama ni vijana wa sayansi, au watoto wadogo wa darasa la sita na la saba ambao maktaba peke yake itawachosha, Mweka. Anzeni na mafuvu, kisha vitabu. Bajeti ya gari iwepo.

Wenye siku mbili na wanaotaka historia ya kweli, waunganishe Ushirika siku ya kwanza na Makumira siku ya pili. Ukiviona vyote viwili mfululizo, unaona kizazi kile cha kabla na baada tu ya Uhuru kikijiandaa kushika mambo yake, huku kwa mizania, kule kwa maandiko.

Aliyemaliza kidato cha sita na anataka kuomba chuo, asichague kwa uzuri wa maktaba ya zamani. Aende chuo anachokusudia kuomba, hata kama si kimojawapo cha hivi vitatu, aingie maktaba, aangalie vitabu vya fani yake vina umri gani, amuulize mwanachuo mmoja kama huvipata anapovihitaji. Aende kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Na anayekwenda Ushirika na stakabadhi za babu: zipige picha kabla ya kutoka nyumbani, zitie kwenye bahasha ngumu, na mwambie mlinzi wa maktaba unaingia nazo ili usiulizwe unapotoka nazo.